"Inazimaga": Ubainishaji wa Hitilafu za Vipindi katika Mfumo wa Mafuta wa Pikipiki Zilizotumika kwa Miaka Mingi Wilayani Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kubaini hitilafu za vipindi katika mfumo wa mafuta wa pikipiki zenye kabureta, zilizotumika kwa miaka mingi katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba hitilafu isiyojitokeza pikipiki inapokuwa mbele ya fundi haiwezi kubainiwa kwa kufungua vyuma peke yake. Ushahidi wake wa kwanza umo katika maelezo ya dereva, nayo maelezo hayo yana sarufi na msamiati unaostahili kusomwa kwa makini. Makala yanaunganisha maarifa ya ufundi na uchambuzi wa lugha ya gereji.

1.0 Utangulizi

Barabara kuu inayotoka Lusahunga, Biharamulo, hadi mpakani Rusumo, Ngara, ina urefu wa takriban kilomita 90. Malori yanayobeba shehena ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda hupita humo, na yale ya Burundi huchepuka kuelekea Kabanga. Kutoka katika barabara hiyo na vituo vilivyo jirani nayo, kuanzia Nyakanazi hadi Nyakahura na Benaco, abiria na mizigo huchukuliwa na pikipiki za bodaboda kwenda vijijini kwa njia za udongo mwekundu. Pikipiki hizo hupanda vilima vya Ngara, hupita katika vumbi la Juni hadi Agosti na katika matope ya misimu miwili ya mvua, zikiwa zimebeba watu wawili au gunia la maharage pamoja na dereva.

Katika mazingira hayo, pikipiki inayozima bila kutabirika ina hatari mbili. Ya kwanza ni ya uhai: injini ikikata katikati ya mlima, lori likiwa nyuma, dereva hana nguvu ya kujiondoa barabarani. Ya pili ni ya riziki. Dereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku au kila wiki, au huendesha kwa mkataba hadi chombo kiwe chao. Siku ya gereji haipunguzi deni.

Neno "zilizotumika kwa miaka mingi" linahitaji ufafanuzi, kwa kuwa mita ya masafa haisaidii sana. Katika pikipiki nyingi waya wa spidi umekatika zamani, na hata unapofanya kazi tarakimu huweza kuwa zimeshazunguka na kurudi sifuri. Njia ya kuaminika zaidi ni kukadiria. Pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 50 za mwaka, imetimiza kilomita 30,000 kwa mwaka mmoja. Ikifika mwaka wa nne imeshatembea umbali unaokaribia mara tatu ya mzingo wa dunia, nayo aghalabu ina tanki lilelile, koki ileile na kabureta ileile iliyofunguliwa mara nyingi.

Makala yanahusu pikipiki zenye kabureta, ambazo mafuta hushuka katika injini kwa uzito wake yenyewe bila pampu. Pikipiki zinazopuliza mafuta kwa kompyuta zina mantiki nyingine ya ubainishaji na hazijadiliwi hapa.

2.0 Hitilafu ya vipindi katika kauli ya dereva

Katika makala haya, hitilafu ya vipindi ni kasoro inayotokea, ikatoweka bila kutengenezwa, kisha ikarudi. Tofauti yake na kasoro ya kudumu ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kasoro ya kudumu humngojea fundi: pikipiki iliyopasuka gasketi imepasuka asubuhi na jioni. Hitilafu ya vipindi humkimbia. Dereva husukuma pikipiki mpaka gereji, fundi hupiga kiki mara moja, injini huwaka na kutulia, na wote wawili hubaki wakitazamana.

Ni hapa ambapo lugha ya eneo hili inatoa msaada ambao Kiswahili sanifu cha darasani kinauficha. Kitenzi "inazima" katika mazungumzo ya kila siku kinaweza kumaanisha kwamba injini inazima sasa hivi, au kwamba ina tabia ya kuzima. Kiswahili sanifu hutenganisha maana hizo kwa kiambishi hu-, yaani "huzima". Hata hivyo, msemaji wa kawaida wa Kanda ya Ziwa hatumii hu- gereji. Husema "inazimaga". Kiambishi hiki -ga, ambacho walimu wetu hukikata kwa kalamu nyekundu, kina ndugu zake katika lugha za Kibantu za eneo hili. Kihangaza na Kisubi ni lugha za kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda, na katika lugha hizo umbo -ag- hubeba dhana ya tendo lenye kuendelea au kujirudia. Dereva anayesema "inazimaga nikitoka Rulenge" ametoa taarifa tatu katika maneno matatu: kwamba hitilafu ni ya vipindi, kwamba ina mazoea, na kwamba mazoea hayo yamefungamana na mahali.

Kwa maoni ya mwandishi, kumsahihisha dereva huyo kuwa aseme "huzima" si kosa la kisarufi, lakini fundi anayesikia -ga na kuendelea kana kwamba ameambiwa "imezima" amepoteza nusu ya uchunguzi.

Vitenzi vyenyewe navyo vina mipaka. "Inakata" hutumika aghalabu pale injini inaponyamaza mara moja, kama taa iliyozimwa. "Inakosa nguvu" au "haivuti" humaanisha kwamba injini inaendelea kuwaka lakini haiitiki dereva anapovuta resi. "Inamisi" ni pale mapigo yanaporukwa, injini ikiyumba katika ngurumo yake. "Haikai sailensi" humaanisha kwamba injini huzima dereva anapoachia resi na kusimama. Wasemaji hawazingatii mipaka hii kila mara, na dereva aliyechoka anaweza kusema "inakata" kwa lolote kati ya hayo. Kwa hiyo fundi mzuri huuliza swali la pili: inakata ghafla, au inaanza kuishiwa kwanza? Jibu la swali hilo litarejewa katika sehemu ya nne, kwa kuwa ndilo linaloamua kama mfumo wa mafuta unahusika.

3.0 Njia ya mafuta na tatizo la kuchelewa

Mafuta hutoka katika tanki kupitia koki, ambayo ndani yake ina chujio dogo la wavu na nafasi mbili: ya kawaida na ya akiba. Kutoka hapo hupita katika mpira wa mafuta, pengine na chujio la pili, hadi katika kabureta. Mlangoni mwa kabureta kuna sindano inayosukumwa na boya. Mafuta yanapojaa katika bakuli, boya huelea na sindano hufunga mlango. Yanapopungua, boya hushuka na mlango hufunguka. Injini hunyonya mafuta kutoka katika bakuli hilo kupitia vitundu viwili vikuu: jeti ndogo, inayolisha injini resi ikiwa imeachiwa au imefunguliwa kidogo, na jeti kubwa, inayolisha resi ikiwa imefunguliwa sana. Kati ya hizo mbili hufanya kazi sindano ndefu iliyochongoka, inayopanda na kushuka pamoja na kizibo cha resi.

Maelezo haya yanajulikana kwa kila mwanagenzi. Jambo lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba bakuli la kabureta ni ghala dogo, na kwa sababu hiyo linachelewesha dalili. Tufanye hesabu. Pikipiki inayotembea kilomita 40 kwa lita moja, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hutumia lita 1.25 kwa saa, yaani takriban mililita 21 kwa dakika. Ikiwa bakuli lina mililita 40, injini inaweza kuendelea karibu dakika mbili baada ya mafuta kuacha kuingia, na katika muda huo pikipiki imetembea zaidi ya kilomita moja na nusu. Mahali pikipiki ilipozimia si mahali hitilafu ilipotokea.

Hili lina matokeo ya moja kwa moja katika ardhi ya Ngara. Katika pikipiki nyingi koki iko sehemu ya chini, nyuma ya tanki. Mafuta yakiwa machache na pikipiki ikiteremka mlima mrefu, mafuta hukimbilia mbele na kuufunua mlango wa koki. Dereva hahisi lolote, kwa kuwa katika mteremko resi imeachiwa na injini inatumia mafuta kidogo sana. Bakuli hupungua taratibu. Anapofika bondeni na kuvuta resi ili aupande mlima wa pili, injini hukohoa, hukosa nguvu kwa sekunde chache, kisha hurudi, kwa sababu sasa mafuta yamerejea nyuma ya tanki. Maelezo yake kwa fundi yatakuwa "inakosaga nguvu nikianza kupanda", nayo ni ya kweli kabisa. Fundi asiyejua habari ya kuchelewa atatafuta kasoro inayohusiana na kupanda: atagusa klachi, atabadilisha jeti kubwa, atalaumu pistoni. Chanzo kimeachwa nyuma katika mteremko, pengine kwa sababu tu wavu wa nafasi ya akiba umeziba na dereva hawezi kuitumia akiba hiyo.

4.0 Ni mafuta au ni moto?

Kabla ya kutafuta kasoro katika mfumo wa mafuta, ni lazima kuthibitisha kwamba kasoro imo humo. Hitilafu nyingi zinazopewa jina la mafuta ni za umeme wa plagi. Koili iliyochoka huweza kufanya kazi vizuri ikiwa ya baridi, ikakata inapopata moto, na ikarudi baada ya kupumzika robo saa kivulini. Mwenendo huo unafanana sana na wa tanki lililokosa pumzi, ambao utaelezwa hapa chini.

Kigezo cha kwanza ni namna injini inavyokufa. Umeme ukikatika, injini hunyamaza mara moja. Mafuta yakikatika, injini huishiwa: hupoteza nguvu, huyumba, na pengine hupata ahueni ya muda mfupi dereva akivuta choki, kwa kuwa choki hupunguza hewa na kuufanya mchanganyiko uliokonda unenepe. Dereva akikumbuka kwamba choki ilimsaidia, ushahidi unaelekea upande wa mafuta. Akikumbuka kwamba choki ilizidisha ubaya, basi huenda mafuta ni mengi mno na hewa ndiyo iliyopungua.

Kigezo cha pili ni kipimo, na kwa maoni ya mwandishi ndicho chenye thamani kuliko vyote vinavyojadiliwa katika makala haya. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Mara pikipiki inapozima, kabla ya kupiga kiki na kabla ya kufungua kifuniko cha tanki, dereva afungue skrubu hiyo na kukinga mafuta kwa chupa safi inayoonesha ndani. Swichi iwe imezimwa, na chupa iwe mbali na bomba la moshi, kwani petroli ikidondokea chuma cha moto huweza kuwaka. Yakitoka matone machache kisha yakakoma, mafuta hayafiki katika kabureta, na kasoro iko juu: katika tanki, kifuniko, koki, chujio au mpira. Yakitoka mengi na yakaendelea kutiririka koki ikiwa wazi, upande wa tanki umetoka katika tuhuma; iliyobaki ni jeti, hewa au umeme. Chupa ikiachwa itulie, huonesha pia kama kuna maji au uchafu.

Kipimo hiki kinamtaka dereva, na si fundi, awe mpimaji. Fundi wa Ngara mjini hayupo pikipiki inapozimia karibu na Murusagamba. Ndiyo sababu baadhi ya mafundi humpa dereva bisibisi fupi na chupa tupu, wakimwambia arudi hitilafu itakapotokea tena. Dereva asiyewaelewa huona amefukuzwa. Kwa hakika amekabidhiwa kazi ambayo yeye pekee anaweza kuifanya.

5.0 Upande wa tanki

Kifuniko cha tanki kina kitundu cha kuingizia hewa. Mafuta yanaposhuka, hewa huchukua nafasi yake. Vumbi likichanganyika na mafuta na kukiziba kitundu hicho, ombwe hujengeka ndani ya tanki na mafuta hukataa kushuka. Pikipiki ikisimama kwa muda, hewa hupenya polepole na safari huendelea. Dereva akifungua kifuniko mara baada ya kuzima, husikia mvumo wa hewa ikiingia. Akikifunga tena, pikipiki huwaka.

Kinachoifanya hitilafu hii iwe fumbo katika wilaya hizi ni uhusiano wake na kiasi cha mafuta. Petroli iliyo sentimita 20 juu ya kabureta hutoa msukumo mdogo sana, takriban kilopaskali 1.5, na ombwe dogo tu linatosha kuubatilisha. Tanki likiwa limejaa, nafasi ya hewa ni ndogo, kwa hiyo mafuta kidogo yakitoka ombwe hujengeka haraka. Tanki likiwa karibu tupu, nafasi ya hewa ni kubwa na ombwe huchelewa. Dereva wa bodaboda kwa kawaida hajazi tanki. Hununua mafuta ya elfu tatu au elfu tano kadiri abiria wanavyopatikana. Hivyo kifuniko kilichoziba kinaweza kukaa miezi bila kujulikana. Siku anapopata safari ya mbali, mathalani kutoka Biharamulo mjini kwenda Ngara, anajaza tanki, na ndiyo siku pikipiki inapomwaibisha. Wengi huhitimisha kwamba kituo alichojaza kilimuuzia mafuta mabaya. Huenda ikawa kweli, lakini swali la kwanza linapaswa kuwa la kifuniko.

Kinyume chake, kutu, mchanga na maji ni hitilafu za tanki lenye mafuta machache. Uzito wa petroli ni kati ya kilo 0.72 na 0.78 kwa lita, ilhali maji ni kilo moja. Maji hukaa chini daima. Tanki la pikipiki ya miaka mingi, lililokuwa likiendeshwa nusu tupu, limeachia kuta zake wazi kwa hewa yenye unyevu usiku baada ya usiku, nayo kutu hutokea hapo. Chembe zake huelea pikipiki inapotikisika, huvutwa kwenye wavu wa koki, huuziba, na pikipiki inaposimama hudondoka na kuuachia. Fundi akiitazama koki dakika kumi baadaye ataiona safi. Dereva anayeishi kwa lita moja moja huendesha muda wote juu ya tabaka hilo la chini, ambalo mwenye tanki lililojaa halifikii mara kwa mara.

Mafuta yenyewe ni sehemu ya suala hili. Katika vijiji vilivyo mbali na vituo, petroli huuzwa kwa chupa za maji za lita moja na vidumu vilivyotumika kwa mambo mengine. Chupa iliyokaa juani na mvuani mbele ya duka huingiza maji na vumbi bila mtu yeyote kukusudia udanganyifu. Kuhusu udanganyifu wa makusudi, historia ya kisera inafahamika: mpango wa kuweka vinasaba katika mafuta, chini ya usimamizi wa EWURA, ulianza mwaka 2010, na bajeti ya mwaka wa fedha 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine. Kwa dereva, vipimo viwili rahisi vinatosha kuanzia. Petroli safi ikidondoshewa karatasi nyeupe hukauka bila kuacha doa la mafuta, ilhali iliyochanganywa na mafuta ya taa huacha doa. Aidha, mafuta yakitulia katika chupa nyeupe kwa dakika kumi, maji hujitenga chini. Mafuta yaliyochanganywa na ya taa kwa kawaida hayasababishi kuzima ghafla. Husababisha shida ya kuwaka asubuhi, moshi, na plagi nyeusi, na dalili hizo hudumu mpaka tanki limwagwe. Hitilafu inayokuja na kuondoka ndani ya tanki lilelile la mafuta haielezeki kwa urahisi kwa mafuta ya taa.

Mtiririko hupimwa kwa kuuchomoa mpira kwenye kabureta, kuuelekeza katika chupa na kufungua koki kwa dakika moja kifuniko kikiwa kimefungwa, kisha kurudia kikiwa wazi. Kwa hesabu ya sehemu ya tatu, injini huhitaji mililita 21 kwa dakika katika mwendo wa kawaida, na tukadirie mara tatu ya hapo mlimani ikiwa na mzigo. Mtiririko unaojaza chini ya theluthi ya chupa ya soda ya mililita 350 kwa dakika unatia shaka. Tofauti kati ya vipimo viwili inakishtaki kifuniko. Mtiririko dhaifu katika vyote viwili unashtaki koki, chujio au mpira. Mpira uitazamwe pia njia yake: uliobadilishwa na kuachwa mrefu huweza kulala juu ya kichwa cha injini. Petroli huanza kuchemka katika joto linalokaribia nyuzi 40, na mapovu yake huzuia mafuta kama kizibo.

6.0 Upande wa kabureta

Kipimo cha skrubu kikionesha kwamba bakuli limejaa, uchunguzi hufuata mkono wa resi. Fundi hubandika plasta nyeupe kwenye mkono huo na kuweka alama za robo, nusu na robo tatu, kisha humwomba dereva aeleze alama ilikuwa wapi hitilafu ilipotokea. Kasoro inayojitokeza resi ikiwa imeachiwa inaelekea jeti ndogo na njia zake. Ile ya katikati, kutoka robo hadi robo tatu, inaelekea sindano ndefu na kitundu chake, ambavyo katika pikipiki kongwe huwa vimelika kwa kusuguana. Ile ya resi iliyofunguliwa yote inaelekea jeti kubwa. Ikumbukwe kwamba alama hizo zinahusu ufunguzi wa resi, si kasi ya pikipiki. Dereva anayekwenda taratibu mlimani kwa gia ya pili, amevuta resi yote, anatumia jeti kubwa.

Sindano ya boya iliyolika ni hitilafu ya vipindi kwa asili yake. Barabara ya mashimo huitikisa na kuifanya isikae sawasawa. Mafuta huzidi, plagi hulowa, petroli hudondoka kwenye mpira wa kumwagia ziada. Katika lami pikipiki hiyohiyo hutulia. Kwa hiyo malalamiko kwamba "kwenye lami haina shida" hayapaswi kuchukuliwa kama utetezi wa pikipiki.

Mpira unaounganisha kabureta na injini hupasuka kwa umri. Ufa hujifunga injini ikiwa ya baridi na hufunguka ikipata moto, hewa ya ziada huingia, na sailensi hupanda na kushuka yenyewe. Fundi huukunja mpira kwa mkono injini ikiwa inanguruma. Ngurumo ikibadilika, ufa upo. Katika kabureta ambazo kizibo cha resi huinuliwa na mvuto wa hewa, kiwambo chembamba cha mpira kikitoboka huleta dalili ya "haivuti", nacho huangaliwa kwa kukiinua mbele ya mwanga.

Mwinuko nao una nafasi yake, ingawa mara nyingi husahauliwa. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Ngara viko juu zaidi. Katika mita 1,800 kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Kabureta iliyopangwa kwa nchi za chini hutoa mafuta mengi kuliko hewa hiyo inavyohitaji. Chujio la hewa likiongezewa vumbi la kiangazi, mchanganyiko hunenepa mara mbili: kwa mwinuko na kwa vumbi. Pikipiki inayofanya vizuri Biharamulo huweza kuwa nzito na yenye moshi inapofika Ngara mjini, kisha ikapona inaposhuka. Hii nayo dereva huiita hitilafu inayokuja na kuondoka, ilhali inayokuja na kuondoka ni hewa. Kabla ya kugusa jeti yoyote, chujio la hewa lisafishwe.

7.0 Maelezo yanapopita kwa mtu wa tatu

Yaliyoelezwa hapo juu yanategemea dereva na fundi wazungumze ana kwa ana. Katika hali halisi, mwenye kulipia matengenezo mara nyingi ni tajiri, naye ndiye anayempigia fundi simu. Maelezo yanapopita kwake hupungua kwa namna inayoweza kufuatiliwa kilugha. Dereva amesema "inazimaga nikishateremka, tanki likiwa halina kitu". Tajiri humwambia fundi "pikipiki inazima". Kiambishi cha mazoea kimeondoka, mahali pameondoka, na kiasi cha mafuta kimeondoka. Kilichobaki ni kauli ya kasoro ya kudumu, na fundi hujibu kauli aliyopewa: hubadilisha kifaa. Kabureta mpya, ambayo mara nyingi ni ya bei nafuu na si ya kiwanda kilichounda pikipiki, hufungwa mahali pa ile kongwe iliyokuwa na jeti zinazofaa. Wavu wa koki haujaguswa. Baada ya siku chache pikipiki huzima tena bondeni, na safari hii tajiri ana sababu ya kumshuku dereva kwamba anaiharibu au anasingizia ili apunguziwe hesabu.

Baadhi ya dereva hujilinda kwa kurekodi sauti za injini kwa simu zao wakati inapoyumba. Rekodi hizo zina manufaa ya kumthibitishia tajiri kwamba hitilafu ipo, lakini hazimwambii fundi mafuta yalikuwa kiasi gani wala resi ilikuwa wapi. Daftari dogo lingefaa zaidi. Mistari yake inaweza kuwa minne tu kwa kila tukio: mahali pamoja na mlima au mteremko uliotangulia, kiasi cha mafuta katika tanki, nafasi ya resi, na kilichoirudisha pikipiki, iwe ni kupumzika, choki, kufungua kifuniko au kugeuzia koki kwenye akiba. Kwa matukio matano au sita yaliyoandikwa hivyo, fundi anaweza kuutenga upande wa tanki na upande wa kabureta kabla hajashika spana, na tajiri anaweza kuliona daftari hilo mwenyewe badala ya kulisimulia.

Kuhusu lugha ya daftari, dereva aandike kama anavyosema. Akiandika "inakataga Kabanga nikiwa na full tenki, nikifungua kifuniko inawaka", fundi hatahitaji tafsiri.